Neno la Ukurasa wa Arobaini na Moja

Tangu Jumatatu nimekwama hapa.
Nkuhungu umeme umekatika mara mbili,
vumbi la Agosti limeingia hadi ndani ya kamusi,
nami bado nina neno moja tu mdomoni,
kama mbegu ya zabibu iliyong'ang'ania jino.

Tafsiri ya kwanza tuliisoma shuleni, Mpwapwa.
Ilitoka Ujerumani ikapitia kwa Waingereza,
ikatufikia kama barua iliyofunguliwa njiani
na kufungwa tena kwa gundi ya uji.
Hatukujua. Mwalimu Chilewa alitukaririsha,
itafutwa, itafutwa,
dola ya kale itafutwa,
kama ubao mwisho wa kipindi.

Ila Kijerumani hakisemi hivyo.
Leipzig, nilikokwenda kusomea breki za garimoshi,
mama mwenye nyumba alilitumia neno hilohilo
kwa mkate uliobaki mezani:
aliuinua, akauviringisha kitambaa, akauweka kabatini.
Aufheben, akasema.
Mkate haukufutwa. Tuliula asubuhi.

Kuinua. Kuondoa. Kuhifadhi.
Neno moja, mikono mitatu.

Nimejaribu kutangua: hiyo ni ndoa.
Kubatilisha: hiyo ni hati ya kiwanja,
waulize watu wa Nzuguni.
Kukomesha ni amri, ina kiboko ndani yake,
na kiboko nakijua. Babu yangu Mhembano
alihesabiwa hamsa ishirini kwenye boma la Kilimatinde
na wenye lugha hii hii ninayoibembeleza usiku.
Siku ile hakuitwa mkalimani.

Hilo nililiandika pembeni kwa penseli,
kisha nikalifuta. Si la mwandishi.
Mfasiri mwaminifu hana babu.
Kisha nikaliandika tena.

Na yapo ya kuchekesha. Kila anapotaja fedha
mkono wangu unakimbilia "hela",
na hela ni mtoto wao, walimwacha huku
pamoja na reli na makaburi machache;
leo anarudi kwao ana lafudhi ya Kigogo,
hamkumbuki baba, anauliza bei ya mtama.
Mhariri wangu, simuni, hakucheka.
Andika "mtaji", alisema, hiki si kitabu cha gengeni.

Jana Mbeleje alirudi kutoka Mpunguzi,
zabibu kilo mia nne, bei kapanga mnunuzi,
mizani ya mnunuzi, kalamu ya mnunuzi.
Akakaa kwenye ndoo akiosha miguu.
"Huyo Mjerumani wako kafika wapi?"
Nikamsomea sentensi, na mikono yake mitatu.

Alinyamaza mpaka maji yakawa mekundu kwa udongo.
"Mama alikuwa na kibuyu cha mbegu za uwele," akasema.
"Kikishajaa, anakiinua juu ya moto, kwenye moshi.
Kimeshatoka kwenye chakula hicho,
hata mlie njaa hakishuki.
Lakini shamba la mwakani lilikuwa humo.
Sisi tulisema kimetungikwa."

Akaenda kulala. Kwake lilikuwa jambo dogo.

Nimeandika: itatungikwa.
Nimeitazama kwa mshumaa, kisha kwa tochi ya simu.
Mhariri atasema wasomaji watadhani ni nyama,
au nguo, au mtu. Hasa mtu.
Hilo la mtu limeninyima usingizi
na sina la kumjibu.

Umeme umerudi. Friji linanguruma kama kichwa cha treni ya mizigo.
Ukurasa wa arobaini na mbili unaanza na neno dogo,
doch,
ndiyo inayotoka ndani ya hapana ya mwenzako,
herufi nne tu,
na Mbeleje ana shamba alfajiri,
siwezi kumwamsha.